Ukipima Mnyoo wa Moyo wa Mbwa Tanga, Soma Majibu Hivi

Mbwa wengi wa Tanga wana kazi. Wanalinda nyumba za Raskazone, wanatembea na mlinzi wa zamu kwenye mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, wanafukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mahindi ya Mkinga. Mbwa wa namna hiyo akianza kukohoa, akahema baada ya mbio fupi, akakonda huku chakula anakimaliza, mwenye mbwa anataka jibu moja tu kwa daktari wa mifugo: ana mnyoo wa moyo au hana? Siku hizi kipo kipimo cha haraka cha kadi. Matone machache ya damu, dakika kadhaa, mstari unatokea au hautokei, watu wanarudi nyumbani. Shida ni kwamba mstari ule unajibu swali dogo kuliko uliloliuliza wewe, na huku pwani yapo mambo yanayoweza kuupotosha kwa urahisi. Vidokezo hivi vitakusaidia kujua lini uuamini na lini udai zaidi.

1. Jua kadi inatafuta nini

Mnyoo wa moyo, kwa jina la kitaalamu *Dirofilaria immitis*, huletwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni, na wakizidi hujaa hadi upande wa kulia wa moyo wenyewe. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30. Dume ni mfupi zaidi. Wakikutana, jike huzaa vijiminyoo wasioonekana kwa macho, nao huzunguka na damu wakisubiri mbu mwingine awanyonye.

Kadi ya haraka haimwoni mnyoo wala kijiminyoo. Inanasa antijeni, yaani protini ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mfumo wa uzazi wa jike aliyekomaa. Kwa hiyo mbwa mwenye madume matupu anaweza kusomeka hasi. Mwenye majike ambao hawajakomaa, hasi. Mwenye jike mmoja au wawili tu, mara hasi, mara mstari hafifu ambao watu wawili wakiutazama watabishana. Asilimia nzuri zinazoandikwa kwenye boksi hutegemea sana mbwa waliotumika kwenye majaribio walikuwa na minyoo wangapi. Kadi ile ile inayomkamata bila shida mbwa mwenye majike 10 hubabaika kwa mwenye mmoja.

2. Hesabu miezi kabla ya kutoa hela

Tangu mbu aume hadi antijeni ionekane kwenye damu hupita miezi 5 kwa uchache, na vijiminyoo huanza kuonekana karibu mwezi wa 6 au wa 7. Ndiyo maana mtoto wa mbwa wa miezi minne kupimwa kwa kadi ni kutupa fedha. Mbwa aliyeumwa na mbu kwenye masika ya Mei hawezi kukupa jibu la maana Agosti. Msubiri hadi Desemba. Ukipima mapema ukapata hasi, andika tarehe ya kurudia siku hiyo hiyo, kwa sababu hasi ya mapema haisemi chochote.

Na usingoje "msimu". Mnyoo huyu anahitaji joto ili akue ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 14 ukuaji husimama, na kwenye nyuzi 27 hivi humaliza kwa takriban wiki mbili. Tanga mjini, Pangani na Muheza hata usiku wa Julai haufiki kwenye baridi ya kumzuia. Ukipanda Lushoto habari inabadilika kidogo, ila mbwa anayeshuka na kupanda na gari la mwenyewe ni mbwa wa pwani kwa upande wa mbu.

3. Dai vipimo viwili

Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote. American Heartworm Society, chama cha Marekani ambacho miongozo yake hufuatwa na madaktari wa mbwa wa nchi nyingi, kinashauri antijeni na vijiminyoo vipimwe pamoja. Kimoja kinatafuta wazazi, kingine kinatafuta watoto, na kila kimoja kina upofu wake.

Kipimo cha vijiminyoo kinachoaminika ni cha Knott, na uzuri wake hakihitaji vitu vya ajabu. Mililita 1 ya damu isiyoganda inachanganywa na mililita 9 za formalini ya asilimia 2, inazungushwa kwenye sentrifuji, maji ya juu yanamwagwa, mashapo yanatiwa rangi ya bluu na kuwekwa chini ya hadubini. Formalini hiyo nyepesi hupasua chembe nyekundu za damu na kuwaacha vijiminyoo wamenyooka, wanapimika. Maabara yoyote yenye sentrifuji, hadubini na mtu mvumilivu inaweza kukifanya.

Usiridhike na tone moja la damu kati ya vioo viwili. Tone hilo ni sehemu ndogo mno ya mililita, na mbwa mwenye vijiminyoo wachache atapita kama mzima. Likionyesha kitu, umepata fununu ya kufuatilia. Lisipoonyesha, bado hujapima.

Sasa majibu. Antijeni chanya na vijiminyoo chanya wa aina ya moyo: huyo anaye. Antijeni chanya bila vijiminyoo: inawezekana sana anaye, maana mbwa wengi wana minyoo wakubwa bila watoto kwenye damu, ama kwa sababu ya jinsia moja, ama kinga ya mwili, ama dawa. Antijeni hasi lakini vijiminyoo wapo: hapo ndipo pwani yetu inapotaka akili, na vidokezo viwili vinavyofuata vinahusu hapo.

4. Mwambie daktari ukweli wote kuhusu ivermektini

Maduka ya pembejeo za mifugo yanauza ivermektini ya sindano ya ng'ombe, na mwenye mbwa mwenye upele au kupe huipata kirahisi. Jirani anasema "mpige kidogo tu", kijana wa shamba anachoma, upele unapungua, na hakuna aliyeandika popote. Miezi sita baadaye mbwa anapelekwa kupimwa mnyoo wa moyo na daktari haambiwi.

Ivermektini inawaua au kuwapunguza vijiminyoo kwenye damu na kulidumaza jike lisizae. Minyoo wakubwa wao hubaki. Hivyo hadubini itasema hakuna kitu, nawe utafurahi bure. Antijeni nayo huweza kuvurugika, kwa sababu kingamwili za mbwa huifunga antijeni hadi kadi ishindwe kuinasa.

Watu wa Tanga tumeliona jambo la aina hii kwa binadamu. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza Mafia mwaka 2000, kwa kugawa ivermektini na albendazole, na Tanga ikafikiwa mwaka 2004. Watafiti waliokifuatilia kijiji cha Kirare waliona vijiminyoo wa matende wakishuka haraka kwenye damu za watu, lakini antijeni ikashuka polepole, maana wazazi walikuwa bado hai ndani. Kama ingepimwa damu kwa hadubini peke yake, kijiji kingeonekana kimepona mapema kuliko kilivyopona. Mbwa wako aliyechomwa ivermektini yuko kwenye hali hiyo hiyo.

Kuhusu kiwango, tafadhali soma hesabu hii. Kinga ya mnyoo wa moyo ni mikrogramu 6 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60. Dawa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Maana yake kipimo cha mbwa huyo ni mililita 0.006, kiasi ambacho bomba la sindano la mililita 1 haliwezi kukipima, kwa sababu mstari wake mdogo kabisa ni 0.01. Anayemchoma nusu mililita amempa zaidi ya mara 80. Mbwa wengi wa kienyeji huvumilia. Wenye damu ya Collie na jamaa zake wanaweza kuzimia na kufa, kwa kuwa wengi wao wana kasoro ya kurithi inayoiachia dawa iingie kwenye ubongo. Na mbwa mwenye vijiminyoo wengi, wa uzazi wowote, anaweza kupata mshtuko wakifa wote kwa mpigo.

Kwa hiyo nenda kwa daktari na jina la dawa, tarehe na kiasi. Kama hujui, mwite aliyechoma aseme mwenyewe.

5. Kijiminyoo kwenye damu si lazima awe wa moyo

Mbwa wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kubeba jamaa kadhaa za mnyoo huyu, na wengi wao si hatari kwa moyo hata kidogo.

Wa kwanza ni *Acanthocheilonema reconditum*. Huyu haletwi na mbu bali na viroboto na chawa. Mtafiti George Nelson, aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alichapisha mwaka 1962 maelezo ya jinsi mnyoo huyo anavyokua ndani ya kiroboto wa paka na chawa wa mbwa. Hukaa chini ya ngozi na hasumbui. Mbwa anayelala kwenye banda lenye viroboto anaweza kuwa na vijiminyoo wake tele kwenye damu, huku moyo wake mzima kabisa.

Wa pili ni *Dirofilaria repens*, ndugu wa karibu wa yule wa moyo, naye huletwa na mbu. Hukaa chini ya ngozi, pengine akaleta uvimbe mdogo au muwasho.

Wa tatu ana asili ya pwani hii hii. Mwaka 1958 Buckley, Nelson na Heisch walimweleza kwa mara ya kwanza *Brugia patei*, aliyepewa jina la kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Walimkuta kwa wanyama, wakiwamo paka na mbwa. Kijiminyoo wake amevikwa ala nyembamba inayomzidi urefu, alama ambayo wale wengine hawana.

Mtaalamu wa maabara anawatofautisha kwa rula ya hadubini na jicho. Wa moyo ana urefu wa takriban mikromita 300, kichwa kimechongoka kidogo na mkia umenyooka. *Reconditum* ni mfupi na mwembamba zaidi, chini ya mikromita 290, kichwa butu, na mkia wake mara nyingine hujikunja kama ndoano. *Repens* ni mrefu, hufika mikromita 350 na zaidi, naye kichwa chake ni butu. Upana unasaidia kuliko mkia: wa moyo hufikia mikromita 6 au 7, *reconditum* huishia karibu 5. Vipimo hivi ni vya damu iliyopita kwenye formalini kwa njia ya Knott. Kwenye tone la kawaida vijiminyoo hujikunja na namba hazikai sawa.

Karatasi ya majibu ikisema "filaria zimeonekana" na kuishia hapo, irudishe kwa heshima. Sema, "Daktari, naomba waniambie ni wa aina gani na wamempima urefu gani." Tofauti ya mikromita chache ndiyo inayoamua kama mbwa wako atachomwa sindano nzito za dawa yenye aseniki au ataogeshwa dawa ya viroboto.

Jambo moja zaidi linalosahaulika: mbwa jike mwenye vijiminyoo anaweza kuwapitisha kwa watoto wangali tumboni. Mtoto huyo ataonyesha vijiminyoo damuni akiwa hana mnyoo mkubwa hata mmoja, na hao vijiminyoo hawawezi kukua wasipopita kwanza kwa mbu. Kinyume chake pia hutokea. Wazazi wakifa, watoto wanaweza kuendelea kuzunguka damuni hadi miaka miwili na zaidi.

6. Damu ya mchana inafaa, ya jioni ni bora

Wazee wa Tanga wanakumbuka wapimaji wa matende wakipita nyumbani usiku wa manane. Kulikuwa na sababu: kijiminyoo wa matende wa pwani hii hutoka kwenye damu ya pembeni usiku na kujificha mapafuni mchana. Yule wa moyo wa mbwa si mkali hivyo. Huongezeka jioni na usiku lakini mchana hapotei kabisa. Kama mbwa ana dalili zote na Knott ya asubuhi imetoka tupu, omba damu ya saa moja au mbili usiku kabla hujakata tamaa.

Na kwa wanaoogopa: matende hayatoki kwa mbwa. Mnyoo wake ni wa binadamu, hupita kwa mbu kutoka mtu hadi mtu. Kadi za kupimia matende za hospitali nazo zimetengenezwa kwa binadamu. Usimwombe nesi ampimie mbwa.

7. Chanya nayo ihojiwe

Watu huihoji hasi na kuiamini chanya kama amri. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua mbwa 1,000 mahali ambapo 10 tu wana mnyoo wa moyo. Kadi inayowakamata wagonjwa 90 kati ya 100 itawaona 9. Kadi hiyo hiyo, ikikosea kwa wazima 2 tu kati ya 100, itawasingizia mbwa wapatao 20 kati ya wale 990. Umepata chanya 29, na za kweli ni 9. Sasa ihamishie mahali ambapo mbwa 200 kati ya 1,000 wanaye: za kweli 180, za uongo 16. Kadi haijabadilika, kilichobadilika ni mahali.

Kwa hiyo kabla ya kuamini chanya, muulize daktari kama amewahi kuthibitisha mnyoo huyu kwa mbwa wa eneo lenu. Ujirani una uzito: kusini mwetu, Msumbiji, *Dirofilaria immitis* amethibitishwa kwa mbwa. Mbwa aliyeletwa kutoka huko au kutoka ng'ambo ana historia tofauti na aliyezaliwa Pongwe akakulia Pongwe, na daktari anapaswa kuijua historia hiyo.

Kuna pia mnyoo wa koo, *Spirocerca lupi*, ambaye mbwa humpata kwa kula mende wa mavi, au kuku na mijusi waliomla mende huyo. Kenya anafahamika tangu zamani kuwa tatizo kubwa kwa mbwa. Antijeni zake huweza kuidanganya kadi ya mnyoo wa moyo isome chanya. Dalili zake nazo hupotosha: mbwa anakonda, anatapika, anakohoa. Choo chake kikipimwa mayai yanaweza kuonekana, na bomba la kamera likipitishwa kooni uvimbe huonekana wenyewe.

Kwa binadamu imetokea pia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu wenye mnyoo wa macho, *Loa loa*, walisomeka chanya kwenye kadi ya matende mahali ambapo matende hayapo. Jamaa za minyoo hawa wanafanana sana kwa protini, na kadi haijui ramani.

Jibu la chanya lisilotarajiwa lirudiwe kwa damu mpya, na ikiwezekana kwa kadi ya kampuni nyingine.

8. Mbung'o na kupe wasisahauliwe

Sehemu za Pangani, Handeni na kando ya hifadhi ya Saadani zina mbung'o, na mbwa huugua nagana. Anakonda, anaishiwa damu, uso unavimba, macho yanaingia ukungu wa bluu. Kupe nao huleta magonjwa ya damu yanayomchosha mbwa na hata kumfanya akojoe mkojo wa rangi ya kahawia, dalili ambayo mnyoo wa moyo aliyefikia hatua mbaya huweza kuileta pia.

Uzuri ni kwamba damu ile ile inatosha kuangalia yote. Kwenye mrija mwembamba uliozungushwa, mtaalamu anatazama mpaka wa chembe nyeupe: vimelea vya nagana ni vidogo, vinakimbia vikizisukuma chembe za damu, kijiminyoo ni jitu kubwa linalojinyonganyonga papo hapo. Mabingwa wa kazi hii wako Tanga, mji wenye historia ndefu ya utafiti wa mbung'o. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo hapa. Uliza kwanza wanapokea sampuli gani na kwa utaratibu gani, kisha daktari wako aipeleke.

9. Hasi isiyoaminika inaweza kupashwa moto

Antijeni iliyofungwa na kingamwili inaweza kufunguliwa. Maabara huchukua majimaji ya damu, huyachanganya na dawa ya EDTA, huyapasha kwenye nyuzi 104 kwa dakika 10, kisha huyapima upya. Mbwa waliokuwa hasi hugeuka chanya. Usiombe hili kwa kila mbwa, kwa sababu kupasha moto hufungua pia antijeni za minyoo wengine, na ule udanganyifu wa *Spirocerca* unaongezeka, na *repens* naye anaweza kuidanganya kadi. Ni la mbwa mwenye dalili, au mwenye vijiminyoo wa aina ya moyo, huku kadi inang'ang'ania hasi.

10. Linda damu na kadi dhidi ya joto letu

Tyubu ya kifuniko cha zambarau ndiyo yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Bila hiyo Knott haifanyiki. Igeuze taratibu mara kadhaa, usiitikise. Iweke kwenye boksi lenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa ili damu isigande kwa baridi. Damu iliyosafiri kutoka Mkinga juu ya dashibodi ya daladala hupasuka chembe zake, na majimaji mekundu huficha mstari wa kadi.

Kadi nazo ziangaliwe tarehe na zilikohifadhiwa. Duka ambalo umeme umekatika siku mbili na friji ikafunguliwa si mahali pa kununulia kadi zinazotaka ubaridi. Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kuwa kadi yenyewe imefanya kazi, usipotokea, jibu halipo, lisomwe vyovyote. Na lisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye kikaratasi: mstari uliojitokeza baada ya chai ya saa nne hauhesabiki.

11. Omba picha kama mashine ipo

Eksirei ya kifua huonyesha mishipa ya mapafu iliyovimba na upande wa kulia wa moyo uliopanuka. Ultrasaundi huweza kumwonyesha mnyoo mwenyewe, mistari miwili myeupe sambamba ndani ya mshipa. Ikionyesha, ubishi umekwisha. Isipoonyesha, minyoo wachache wanaweza kuwa wamejificha ndani zaidi kwenye pafu.

12. Usianze tiba kwa mstari mmoja

Tiba inayokubalika ya kuua minyoo wakubwa ni melarsomine, sindano 3 za ndani ya misuli ya mgongo, ikitanguliwa na wiki 4 za doksisaiklini ili kuua bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo. Minyoo waliokufa hukatika na kuziba mishipa ya mapafu. Mbwa akiruhusiwa kukimbia wakati wa sindano hizo na wiki zinazofuata anaweza kufa kwa tiba badala ya ugonjwa. Mbwa wa ulinzi afungwe kamba fupi au akae ndani, na mwenye shamba apate mlinzi mwingine kwa kipindi hicho.

Ndiyo maana nimesisitiza kuthibitisha. Baada ya sindano ya mwisho antijeni hupimwa tena miezi 9 baadaye. Ukipima mwezi wa 3 utaona chanya na kudhani tiba imeshindwa, kumbe mabaki ya minyoo bado yanasafishwa mwilini. Na mbwa aliyekuwa kwenye kinga ikakatika kwa miezi kadhaa apimwe anapoanza tena, apimwe miezi 6 baadaye, halafu kila mwaka.

13. Changeni gharama

Boksi la kadi huuzwa kadi kadhaa pamoja, na sentrifuji hutumia muda ule ule kwa mrija mmoja au sita. Wenye mbwa wa mtaa mmoja wakipanga siku moja, gharama ya kila mmoja inashuka. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mbwa huletwa kwa wingi kuchanjwa; zungumza mapema na ofisa mifugo wa kata yenu kama daktari anaweza kuchukua damu hapo hapo.

14. Mbwa akifa, mruhusu daktari amfungue

Hakuna kipimo kinachoushinda uchunguzi wa maiti. Moyo na mishipa ya mapafu vikifunguliwa, minyoo weupe wembamba kama tambi huonekana kwa macho, na kuhesabika. Wenye mbwa wengi hukataa kwa uchungu, na ninauelewa uchungu huo. Lakini kama una mbwa wengine, au jirani anao, jibu hilo ndilo litakaloeleza kadi za mtaa mzima zisomwe vipi: mnyoo mmoja aliyethibitishwa Tanga ana thamani kuliko mistari mingi ya kadi.

Mbwa aliyebadilika tabia kabla ya kufa, aliyeuma watu, aliyetoka mate au kushindwa kumeza, usimguse na usimfungue. Hilo ni suala la kichaa cha mbwa, toa taarifa kwa ofisa mifugo mara moja. Kwa wengine, daktari avae glovu, akate mshipa wa mapafu hadi matawi yake madogo maana huko ndiko wachache hujificha, awaweke minyoo kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70, na aandike kwenye lebo tarehe, kijiji, umri wa mbwa na dawa zote alizowahi kuchomwa.